Safari ya Kutoka Meru Kwenda Pangani, na Habari za Kushua Boti

Sisi watu wa Mlima Meru twajua habari za mifereji, na migomba, na kahawa. Habari za bahari hatuzijui, ila kwa kusikia. Mimi nami nalikuwa katika hao mpaka mwaka jana, nalipolazimika kuzijua, kwa kuwa binti yangu ameolewa Pangani. Mume wake alikuwa na boti ya mbao, imelala mchangani mwaka mzima kwa kukosa mashine. Shauri lake lilikuwa kuitengeneza kabla ya kaskazi, apate kuwachukua wageni kwenda kisiwa cha Maziwe na kando ya pwani mpaka Ushongo. Basi mke wangu akauza ng'ombe wake mmoja, nami nikatoa fedha ya kahawa ya misimu miwili, tukanunua mashine kuukuu ya nguvu za farasi 25, iliyokuwa ikitumika kwa uvuvi katika bwawa la Nyumba ya Mungu.

Mashine ile nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini Arusha. Akaifungua, akabadili plagi, na raba ya pampu inayovuta maji ya kuipoza, na oili ya gia, ambayo ilikuwa imekuwa nyeupe kama maziwa. Akanieleza kwamba oili ikiwa nyeupe hivyo, maji yameingia ndani. Kisha akaitumbukiza miguu yake katika pipa la maji, akaivuta kamba, ikawaka. Maji yakatoka ubavuni kama mkojo wa mtoto. Ikatoa moshi mwingi, naye akapunguza petroli kwenye kabureta mpaka moshi ukapungua na sauti ikawa nzuri. Nikafurahi sana, nikamlipa. Likumbukeni jambo hili la kabureta, kwani nitalirudia.

Mwisho wa Agosti nikaomba ruhusa ya juma moja, nikapanda lori pamoja na mashine yangu iliyofungwa kwa magunia. Toka Arusha mpaka pwani ni zaidi ya kilomita 400. Tukapita Usa River, na Moshi, na Same, milima ya Upare ikiwa upande wetu wa kushoto. Kisha Mombo, na Korogwe, na mashamba ya mkonge. Zamani za wazee wetu njia hii ilikuwa ya reli, maana reli ya Tanga ilikwisha kufika Moshi kabla ya vita ya 1914, na Arusha ikafikiwa baadaye. Joto likazidi kila tulipoteremka, nami nikavua koti, kisha sweta, kisha nikatamani kuvua na viatu.

Njiani nalikuwa nikiwaza neno moja. Vijito vya kwetu, kama Usa na Themi, huingia katika mto Kikuletwa. Kikuletwa hukutana na Ruvu utokao upande wa Kilimanjaro katika bwawa lile lile la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Yakitoka hapo maji huitwa mto Pangani, nayo huzungusha mitambo ya umeme kule Hale, halafu huingia baharini katika mji wa Pangani. Kwa hiyo maji yanayobaki katika mifereji yetu yalikuwa yakienda kule kule nilikokwenda, ila yalishika njia yao.

Pangani ni mji wa kale, una nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa, na mto mpana wa rangi ya udongo, na kivuko cha kwenda Bweni ng'ambo. Mwanzo wa vita vya Abushiri, mwaka 1888, ulikuwa hapa, na hapa ndipo Wadachi walipomnyonga Desemba 1889. Lakini siku zile sikuwa na nafasi ya kutazama mambo ya kale. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au ya mwezi mwandamo, ilikuwa imebaki siku nne, nayo boti ilikuwa juu kabisa ya mchanga, mahali ambapo maji madogo hayafiki. Tena mkwe wangu alikuwa amekwisha kuwaahidi wageni.

Akaitwa fundi wa vyombo, mzee wa miaka sabini na kitu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu," wala hakuitazama mashine hata kidogo. Aliinama chini ya boti, akaanza kugonga mbao kwa mpini wa nyundo, moja moja, toka omo mpaka tezi. Ubao mzima hulia; uliooza haulii. Alipofika karibu na mkuku, upande wa kushoto, akagonga mara tatu, akatoa kisu, kikaingia mpaka mpini. Ubao ulikuwa umeliwa na wadudu wa baharini, nje mzima, ndani umekuwa kama sega la nyuki.

Akasema, "Chombo hiki hakishuki bamvua hii."

Wapenzi, sitaficha. Nalikasirika. Nalihesabu fedha ya wageni, na fedha ya ng'ombe, na siku zangu za ruhusa, nikamwambia kwa sauti isiyompasa mtu wa makamo yangu mbele ya mzee, ya kuwa kwetu tundu huzibwa kwa pamba na lami, kazi ikaendelea. Yeye akanitazama, akasema, "Mwalimu, kwenu nyumba ikivuja, mtu hutoka nje. Hii ikivuja, utatoka uende wapi?"

Mkwe wangu akainama chini kwa haya. Mimi sikupata jibu. Jioni nikaenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Akanipa kahawa chungu, wala hakulitaja neno lile tena. Nikapiga simu nyumbani kuomba majuma mawili zaidi. Wale wageni wakaenda kwa mtu mwingine.

Kazi niliyoiona katika siku zile kumi na nne nisingeiona kama tungalishuka upesi. Kwanza waling'oa ubao mbovu na wa jirani yake, wakachonga mpya wa mvule, wakaupinda upate kulala sawa juu ya mataruma. Kila msumari ulizungushiwa uzi wa pamba uliotiwa mafuta kabla ya kupigwa. Kisha wakawasha makuti makavu, wakapitisha moto chini ya boti yote, upesi upesi, kuwaua wadudu bila kuunguza mbao. Baada ya hayo ndiyo kalafati, kazi ya uvumilivu mwingi kuliko zote. Nyuzi za pamba zilizoloweshwa mafuta hushindiliwa kwa patasi na nyundo katika kila ufa kati ya mbao na mbao, si kwa nguvu sana, ubao usipanuke, wala si kwa ulegevu. Mimi nilipewa dhiraa mbili za kujaribu. Mzee akazichomoa zote, akazirudia mwenyewe, huku akinisifu kwa adabu. Mwisho wakachanganya shahamu na chokaa, ndiyo deheni, wakaipaka kwa mikono sehemu yote ikaayo majini, hata ikawa nyeupe kama kanzu.

Akaja pia mkaguzi wa TASAC. Akahesabu jaketi za kuokolea maisha, akatazama nanga na kamba yake, akaeleza idadi ya watu wanaoruhusiwa. Mkwe wangu akadhani idadi ni ndogo. Binti yangu akamkumbusha MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kwa kujaza watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya watu 220. Akanyamaza.

Siku ya bamvua ya pili maji yalijaa saa kumi alasiri. Magogo yakapakwa shahamu, yakapangwa chini ya mkuku. Watu walikuja bila kuitwa, wavuvi, na wachukuzi wa kivuko, na watoto wa shule. Nao Waislamu wakasoma dua yao, nami nikaomba kimya kimya kwa Bwana wangu. Tukashika kamba. Kwa mwimbo wa kuvuta boti ikatikisika, ikasimama, ikatikisika tena, kisha ikateleza yenyewe kama ng'ombe anayekimbilia mtoni, ikaelea.

Mara ikaanza kuingiza maji! Moyo wangu ukaanguka. Mzee akacheka. Mbao zilizokaa kavu mwaka mzima, alisema, zina kiu, ziacheni zinywe. Usiku ule na kesho yake vijana walikumba maji kwa zamu. Siku ya pili yalikuwa ndoo chache tu, na ya tatu ngama ilikuwa karibu kavu.

Ndipo tukafunga mashine, tukatoka kuijaribu. Tulichelewa, na kosa ni langu, kwa kuwa naliagana na kila mtu kana kwamba nakwenda Ulaya. Maji yalikuwa yamekwisha kuanza kupwa. Karibu na mlango wa mto mkwe wangu akaongeza mwendo. Mashine ikakohoa, kichwa chake kikawa moto kama chungu, ikazimika. Mbele yetu palikuwa na fungu la mchanga, na mawimbi meupe juu yake, na mto ulikuwa ukituchukua kuko huko. Mimi sijui kuogelea. Mkwe wangu akatupa nanga. Ikaburuta, ikaburuta tena, ikashika. Tukarudi kwa makasia, giza limeingia.

Kijana mmoja wa Bweni, fundi wa mashine za wavuvi, akaniuliza, "Baba, hii ilitengenezwa wapi?" Nikamwambia Arusha. Akatabasamu. Akaeleza kwamba Arusha, iliyo juu ya bahari kama mita 1,400, hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi hupunguza petroli ili moto uwake sawa. Pwani hewa ni nzito, na petroli ile ikawa haba. Nayo mashine ya namna hii hupata oili yake ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili imepungua, chuma hukauka na kupata moto. Fundi wa mjini hakukosa. Aliitengeneza vema kwa hewa ya kwetu. Akarudisha kabureta kwa kipimo cha pwani, kazi ya nusu saa.

Siku iliyofuata tulitoka mapema, maji yakiwa bado yanajaa, tukalipita fungu. Huko nje niliona mstari baharini, upande huu maji ya rangi ya udongo, upande ule ya buluu. Mkwe wangu akaonyesha kwa kidole, akasema, "Baba, yale ya udongo ndiyo ya kwenu." Nikatia mkono nikayaonja. Yalikuwa na chumvi tayari.

Wageni wa kwanza walipanda mwezi wa Oktoba, wakaenda Maziwe, ambako zamani palikuwa na miti, na siku hizi ni mchanga mtupu uonekanao maji yakipwa. Fedha ya kahawa imekwisha kurudi nusu. Ya ng'ombe bado, na mama wa nyumbani hunikumbusha.