Mtumbwi Hauna Buti

Kwa mwaka wa nne wa ndoa yetu niliamua tusiende ufukweni wala kukaa baa kula nyama choma. Tumeshakula za kutosha. Nikapanga tukapige makafi kwenye Ziwa Momella Dogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, ukifika Usa River unakata kushoto, na kabla hujamaliza stori zako uko getini. Mlima Meru upo juu yako, na mawingu yakikaa vizuri unaiona na Kilimanjaro upande wa pili.

Kosa langu lilianzia kwenye begi. Nilipanga vitu kama naenda harusini: jinzi mbili, viatu vya kisigino, pasi ya nywele, spika ya muziki. Mume wangu alikaa kitandani akiniangalia, akauliza, "Majaketi ya kujiokolea yapo huko?" Nikamjibu yapo. Baada ya chakula akauliza tena. Usiku, taa imeshazimwa, akauliza mara ya tatu. "Baba, si nimeshakwambia? Hebu lala," nikageukia ukutani.

Asubuhi pale ziwani, kiongozi wetu aliliangalia begi langu akacheka kwa adabu. "Dada, mtumbwi hauna buti." Akatupa ndoo ndogo yenye mfuniko wa kukaza. Kisichoenea humo, kinabaki garini. Basi mpenzi msomaji, usirudie ya kwangu. Vitu vyenyewe ni hivi:

Nguo nyepesi za mikono mirefu. Jinzi ikilowa ni nzito na haikauki leo wala kesho. Momella ni kwenye mwinuko, asubuhi kuna baridi, hasa Juni na Julai, kwa hiyo beba sweta. Saa tano jua likishachachamaa, utalivua.

Kofia yenye kamba na losheni ya kuzuia jua. Jua la ziwani linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Usijidanganye kwamba ngozi nyeusi haiungui.

Viatu vyenye mikanda. Ndala zitabaki kwenye tope la kwanza.

Maji ya kunywa ya kutosha. Maziwa ya Momella yana magadi, hayanyweki. Ongeza karanga na ndizi, maana kupiga kafi kunatia njaa.

Chombo kisichopitisha maji. Simu, funguo za gari na dawa mnazotumia viingie humo. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea iliyopigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019 usiitegemee. Kopo la jikoni lenye mfuniko mzuri linatosha.

Kanga moja au mbili. Ni taulo, ni mtandio, ni pazia la kubadilishia nguo. Seti nyingine kavu iacheni garini.

Kabla ya kusukuma mtumbwi, kiongozi akauliza, "Nani hajui kuogelea?" Kimya. Nikaropoka, "Huyu ni mtoto wa Mwanza, anaogelea kama sato!" Mume wangu alicheka kidogo, ila vidole vyake vilikuwa vinahangaika na kifungo cha jaketi. Kisha akasema taratibu, "Mimi sijui. Sijawahi hata kuingia ziwani."

MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, alikuwa na miaka sita. Mjomba wake alikuwemo ndani ya meli. Tangu siku hiyo bibi yake akapiga marufuku, hakuna mtoto wa nyumba ile kukanyaga ziwani. Miaka minne ya ndoa! Najua sukari anayoweka kwenye chai, najua namba ya siri ya simu yake, hilo sikulijua. Nikamuuliza mbona hukuniambia. "Ulivyokuwa umefurahi kupanga, mama, ningeanzaje?"

Nikaona aibu. Yale maswali matatu ya usiku, kumbe ndiyo alikuwa ananiambia.

Nikasema turudi nyumbani. Akakataa. Kiongozi akamvalisha jaketi upya, akakaza mikanda yote, halafu akalivuta kwa juu mabegani. Likipanda mpaka masikioni, limelegea. Halikupanda. Tukakubaliana kwamba tutakuwa karibu na ukingo, nyuma ya mtumbwi wa kiongozi, na tusijiweke kati ya kiboko na maji yake ya kina. Na yeye akisema basi, tunageuza bila maswali.

Nusu saa ya kwanza alishikilia ubavu wa mtumbwi nami nikapiga kafi peke yangu. Nyati walisimama ufukweni wakitutazama kama wadai madeni. Twiga walipojitokeza kwenye miti, nikasikia kafi la pili likigusa maji nyuma yangu. Sikugeuka wala sikusema kitu. Tulipiga hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mwezi uliofuata alianza kujifunza kuogelea, bwawani, kila Jumamosi asubuhi. Mimi kazi yangu ni kushika taulo.

Kwa hiyo kabla hujafungua begi, muulize mwenzio: unajua kuogelea? Akikujibu kwa swali, keti umsikilize. Mengine yote yataenea kwenye ndoo.