Kelele Si Neno

Lugha yetu haikunyimwa majina ya milio. Nyuki huvuma, radi hunguruma, moto wa makuti hutatarika, kucha hukwaruza. Hata Bububu, kaskazini ya Mji wa Unguja, wapo wasemao kuwa jina lake ni mlio wa maji ya chemchemi zake, na wapo wanaolinasibisha na garimoshi lililokuwa likipita hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Vyovyote iwavyo, waliolitia jina hilo walisikiliza kwanza, kisha wakanena. Lakini tukishapanda gari, utajiri huo wote huuacha nje, tukabakiwa na neno moja tu: kelele. Neno hilo, msomaji mpenzi, lilikaribia kumfilisi ndugu yangu.

Mdogo wangu ana gari kuukuu la Kijapani la miaka ya 1980, lenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma na gia tano za kubadilisha kwa mkono. Kwa gari hilo huchukua samaki Mkokotoni alfajiri akawashusha Darajani kabla jua halijakuwa kali. Gari lilipoanza kupiga kelele, alilipeleka kwa mafundi wa karibu. Wakazunguka nalo mara moja, wakamwambia kuwa giaboksi imekwisha, atafute nyingine nzima kutoka Dar es Salaam. Fedha za kununulia alikuwa nazo, lakini zilikuwa na mwenyewe: ada ya binti yake mkubwa, aliyekuwa amepata nafasi ya chuo.

Nikamshauri twende kwanza kwa mzee mmoja wa Jang'ombe. Mzee huyu ufundi wake aliupata chini ya magari, kama mimi nilivyopata Kiarabu na Kiingereza changu ndani ya makamusi yaliyochakaa, bila ya mwalimu wala cheti. Miaka ya hivi karibuni wateja wamempungua, kwa sababu moja ambayo watu huisema kwa kunong'ona, na kwa kunong'ona huko yeye haisikii: masikio yake yamekuwa mazito. Fundi asiyesikia, wanasema, ni kama nahodha asiyeona.

Alipotusikiliza, akimtazama mdogo wangu midomo, alinigeukia mimi. “Wewe si ndiye mtu wa mashairi? Kaa hapa mbele. Masikio yangu hayashiki tena sauti nyembamba. Wewe utasikia, mimi nitaelewa.”

Injini ikawashwa. Gari limesimama, halimo katika gia yoyote, na mguu hauko juu ya klachi. “Haya, n'ambie.”

“Kuna kelele, mzee wangu.”

“Kelele si neno, mwanangu. N'ambie inalia vipi, na lini.”

Nikarudi kusikiliza. Haikuwa mvumo, wala haikuwa mgongano. Ilikuwa sauti kavu, ya mfululizo, mfano wa kokoto chache zinazoviringishwa ndani ya mkebe. Nikamwambia: inakereza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwamuru mdogo wangu akanyage klachi hadi mwisho. Sauti ikakatika. Akaiachia, ikarudi.

Hapo mzee akatufafanulia, na ninayaandika maelezo yake kwa kuwa yanafaa kwa kila mwenye gari la aina hii. Klachi ikikanyagwa, giaboksi hutengana na injini, na shafti inayopokea nguvu hutulia. Mlio unaokufa hapo umo ndani ya giaboksi, katika vitu vinavyozungushwa na injini hata gari likiwa limesimama. Lau ungeanza pale klachi inapokanyagwa, tungeituhumu beringi ya klachi yenyewe, nayo haimo katika matumbo ya giaboksi. Swali moja, majibu mawili, na nusu ya shaka imeondoka bila ya kufungua hata skrubu moja.

Kisha tukatoka barabarani. Gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, mkerezo ulikuwepo, na kila tulipoongeza mafuta ulizidi. Tulipoingia ya nne ulishuka, ukabaki mnong'ono tu. Tulipoingia ya tano ukapanda tena. Penye tambarare mzee akataka klachi ikanyagwe na gia itolewe, gari liende kwa mwendo wake lenyewe, ukimya. Basi si beringi za magurudumu, wala si difu ya nyuma, maana hizo hulia kwa kufuata mwendo wa gari, hazina habari na klachi. Kurudi kinyumenyume gari lilitoa mluzi mkali, nami nikashtuka. Mzee akacheka. Katika giaboksi nyingi meno ya rivasi hukatwa wima, na ya gia nyingine hukatwa mshazari. Meno wima hupiga mluzi tangu yangali mapya. Si kila kiliacho kinaumwa.

Nikamuuliza siri ya gia ya nne. Akachukua kijiti akachora mchangani. Katika giaboksi ya namna hii, nguvu za injini huingia kwa shafti ya mbele, hushuka kwenye shafti ya chini, kisha hupanda kwenye shafti kuu inayozipeleka nyuma. Ndivyo ilivyo katika gia zote isipokuwa ya nne. Hiyo huzifunga shafti ya mbele na shafti kuu zikawa kitu kimoja. Ile ya chini huendelea kuzunguka, lakini haina mzigo. “Anayelia akitwikwa, akanyamaza akituliwa, huyo ndiye mwenye jeraha.” Lau sauti ingekuwa katika gia moja peke yake, tungeyatazama meno ya gia hiyo. Lau gari lingekwaruza wakati wa kubadilisha tu, tungezitazama ringi zinazolinganisha mwendo, au klachi isiyoachia sawasawa.

Kazi hii haikuwa ngeni kwangu. Shairi la mizani 16 likichechemea, msikilizaji huhisi kilema chake mara moja, lakini asiyezoea atasema tu kuwa shairi ni baya, alitupe lote. Mwenye kujua hulikata mshororo kwa mshororo, kipande kwa kipande, akihesabu nane na nane, hata aifikie silabi moja iliyopungua. Na katika tafsiri pia, sentensi isiyokubali kukaa aghalabu huwa imekwazwa na neno moja.

Mzee hakukata hukumu kwa sikio langu pekee. Walibaki watuhumiwa wawili: beringi ya shafti ya mbele na beringi za shafti ya chini. Akaimwaga oili: ilikuwa chache, nyeusi, na imevuja kwa muda mrefu kupitia sili ya nyuma. Akaisugua baina ya vidole, akapitisha sumaku. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Sumaku hii ilitoka na vipande vyenye makali. Giaboksi ikashushwa, ikafunguliwa. Meno yalikuwa mazima. Beringi ya mbele ya shafti ya chini ilikuwa imeliwa vishimo vishimo.

Ukingoni mwa beringi huandikwa nambari, na nambari hiyo haihitaji mkalimani. 6205, kwa mfano, ni tundu la milimita 25, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho huzidishwa kwa 5. Unguja ni hivyo, na Osaka ni hivyo. Mdogo wangu alinunua beringi, sili na oili mpya kwa sehemu ndogo ya fedha zile. Binti yake yuko chuoni.

Mzee naye hakurejewa na masikio, wala wateja hawakupanga foleni mlangoni pake. Lakini sasa anaye kijana anayejifunza, na kila gari linapoingia humkalisha mbele na kumtaka aseme: lini, na vipi. Kijana akisema “kelele”, hurudishwa akasikilize tena. Nami nimeanza daftari la maneno yao: beringi kavu hukereza, gia iliyolika huvuma, ringi iliyochoka hukwaruza. Ni machache bado. Wasomaji wa Pemba, wa Tumbatu na wa Makunduchi, mkiwa na maneno ya kwenu kwa milio ya chuma, tafadhalini yaandikeni kabla wanaoyasema hawajazibika masikio, au sisi kuzibika yetu.