Kiringye: Mbu hafi, lakini chandarua kisitupwe

Mama mmoja mkimbizi wa vita, hapa Kiringye, anauliza: mbona mbu anagusa chandarua na kuruka tena?

Jibu limo katika neva za mdudu. Dawa ya chandarua huzuia vijilango vya sodiamu visifungike. Mbu hutetemeka, kisha hufa. Nzi wa matunda walisaidia kuvielewa: wenye hitilafu katika jeni ya vijilango hivyo hupooza joto likipanda.

Mwaka 2000, mabadiliko katika jeni hiyohiyo yalitangazwa kwa mbu wa magharibi mwa Kenya. Kongo pia yapo. Dawa haimshiki mbu huyo kama zamani.

Hata hivyo, chandarua kizima bado kinamkinga mtoto. Wazazi, shoneni matundu, mlale ndani.