Njia ya Mfongo

Watu wengi waijuao Marangu huijua kwa ile njia ya kupandia Mlima Kilimanjaro, ipitayo vibanda vya Mandara na Horombo hadi Kibo. Mimi nilikulia kwenye njia nyingine, isiyofika kileleni. Hiyo hufuata bonde la kijito chetu, kati ya migomba na mikahawa, mpaka kwenye banio ambapo maji huachana na kijito na kuingia katika mfongo.

Mfongo ndio mfereji wa Wachaga. Wazee waliuchimba kwa kukadiria mteremko kwa macho, mteremko mdogo mno, hata maji yakawa yanauzunguka ubavu wa mlima polepole huku kijito chenyewe kikiporomoka bondeni. Ndiyo sababu bonde moja lina njia mbili: ya chini, yenye mawe na utelezi, iendayo kijitoni; na ya juu, iliyo karibu sawasawa, ukingoni mwa mfongo. Mgeni hudhani hii ya juu ilifanywa kwa matembezi. La, ni njia ya kazi na ya ulinzi. Maji hugawanywa kwa zamu, na mwenye zamu hana budi kuufuata mfongo aone kama hakuna aliyeyageuza.

Mmoja wa waliowahi kuyageuza nilikuwa mimi. Usiku mmoja wa kiangazi, nikiwa na umri wa miaka 13, niliondoa kizuizi cha udongo na magome ya mgomba, nikayaelekeza maji kwenye kihamba chetu. Zamu ilikuwa ya jirani yetu, mama mjane. Asubuhi alifika uani, tope miguuni, wala hakupaza sauti. Baba alinitazama mara moja tu akajua. Hakunichapa. Alikata jani la isale, ambalo kwetu huombewa msamaha, akanikabidhi.

"Tangulia wewe," akasema.

Tukaifuata njia ya juu. Haizidi mwendo wa robo saa, lakini sijapata kutembea safari ndefu kama ile. Mama yule alilipokea jani, kisha akaniuliza kama maji hayakuwa ya baridi usiku ule.

Siku hizi mabomba yamefika, na majani yameota mahali pengi njiani. Hata hivyo niendapo nyumbani huipitia. Safari iliyopita nilikuta kizuizi kimetoka kufunguliwa, na nyayo mbichi kando yake. Niliyafuata maji. Yalikuwa yakielekea kwenye kihamba cha yule mama, kinacholimwa sasa na mjukuu wake, nikayaacha yapite.