Tandiko na Pambo



Sisi tukisema dari twainua macho juu. Wenzetu wa Bara Hindi wakisema dari hutazama chini, kwani kwao ni jina la tandiko la pamba. Halina manyoya kama zulia. Hufumwa bapa, uzi wa mshindio ukaufunika wa mtande, na pande zake zote mbili zikawa uso. Mmoja ukichafuka, hugeuzwa. Nyingi za zamani zina michirizi ya buluu na nyeupe, na buluu hiyo ni ya nili.

Ziko na za msikitini: ndefu, zimefumwa mihrabu safu moja, kila mihrabu nafasi ya mtu mmoja.

Katika karne ya 19, chini ya utawala wa Waingereza, dari nyingi zilifumwa na wafungwa, katika jela za miji kama Agra, Lahore na Bikaner. Leo dari hizo kongwe ni pambo la matajiri. Huuzwa ghali London na New York, na nyingine hutungikwa ukutani kama picha.

Mimi ninayo moja ya mihrabu tatu, niliyoirithi kwa babu. Jamaa zangu hunishauri niitungike sebuleni, wageni waione. Sisemi kuwa ni haramu. Hayo ni ya maulamaa. Lakini nikitazama pale pamba ilipolika, naona ni mahali pa magoti na vipaji vya nyuso. Nikiitungika, nitajifaharisha kwa sijida za watu waliokwisha kwenda zao, na zangu ziko wapi?

Bibi Aisha (r.a.) alitundika pazia la mapambo, na Mtume (s.a.w.) aliporudi safarini akaliondoa, akabainisha kuwa hatukuamrishwa kuyavika nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akalikata, akafanya mito, wala Mtume hakumkataza. Kitambaa ni kile kile. Kilichogeuka ni matumizi.

Tazama basi sebule zetu. Zulia limetandikwa, watoto hufukuzwa wasilikanyage, na adhana ikilia hutafutwa mkeka uliochakaa. Pambo limepewa heshima, na sala imepewa kilichobaki.

Ndugu yangu, pamba nyumba yako, kwani Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Lakini ukinunua, uliza ni kazi ya mkono wa nani, na je, alipewa haki yake? Kisha kitandike, mgeni akikalie, na wewe ukisujudie.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye sala kabla ya mapambo. Amin.