Shujaa kafa? Ngoja kidogo!

Jumatano ndiyo siku vitabu vipya vya katuni vinapoingia madukani kule Marekani, nami huviwahi kwenye simu. Ila msije mkaniambia shujaa kafa, chozi sitoi ng'o! Superman aliuawa 1992, mwaka uliofuata huyoo, karudi. Mei 2023 wakamuua Ms. Marvel, Julai binti yu hai, anadunda. Sasa tulilia nini jamani?

Anayeniuma ni Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man. Mwaka 1973 aliangushwa kutoka darajani, jamaa akamdaka kwa utando wake, shingo ikavunjika. Hata miaka 50 ilipotimia, Gwen mwenyewe alikuwa bado kaburini. Ndiyo maana utando ukirushwa kumdaka mtu, roho yangu huwa mkononi.