MUUGUZI NI MWENZI WA ANAYETAKA KUACHA SIGARA

Wahenga walinena kuwa mazoea yana taabu. Msemo huu hujidhihirisha wazi kwa mvutaji wa sigara. Mwambie aache, naye atakujibu kuwa ameshaacha mara kumi. Hadanganyi, la hasha! Kuacha ameacha, kinachomshinda ni kukaa bila kurudia. Katika makala haya, wasomaji wapenzi, ningependa kueleza kwa nini naamini kwamba mtu anayeweza kumfaa mvutaji kuliko wengi wetu ni muuguzi, yule tunayemwita sista.

Kwanza tumfahamu adui. Ndani ya tumbaku mna kileo kiitwacho nikotini. Mtu avutapo moshi, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde zisizozidi 20 ikampa raha kidogo. Raha hiyo haikai. Ikipungua, mwili hudai nyingine, mfano wa mwenye duka anayekuja kudai deni kila saa. Mvutaji akiacha ghafla huwa mkali kama pilipili, usingizi humpaa, kichwa humgonga na njaa humshika ovyo. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi, na baada ya wiki 4 hivi taabu nyingi hupungua. Watu wengi nyumbani hawajui haya. Wakimwona mzee amenuna humwambia, "Wacha, afadhali uvute tu!" Kumbe wanamrudisha shimoni. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta kamwe, ila walivuta moshi wa wenzao.

Je, kwa nini muuguzi? Daktari tunamheshimu, lakini aghalabu mgonjwa humwona dakika chache tu. Muuguzi ndiye anayempima presha, anayemdunga sindano, anayempa dawa na anayemwona tena akirudi. Chukua mgonjwa wa kifua kikuu. Kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na muda huo wote hurudi kliniki kuchukua dawa. Tena sigara na kifua kikuu ni kama moto na petroli: mvutaji hupata ugonjwa huo kwa urahisi zaidi, na tiba yake huweza kwenda mrama. Nani basi ana nafasi nzuri kuliko muuguzi?

Babu yangu mzaa baba ni mmoja wa wagonjwa hao. Sisi ni wa Migori, ambako tumbaku si sigara tu, ni shamba pia. Tumbaku ndiyo iliyomlipia baba karo. Ukimwambia babu kuwa tumbaku ni mbaya, ni kana kwamba umemtukana mlezi wake. Mwaka jana alipopatikana na kifua kikuu, nilimsindikiza kliniki wakati wa likizo nikajionea kwa macho yangu.

Sista hakuanza na mahubiri. Aliuliza tu, "Mzee, ukiamka asubuhi, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani?" Babu akacheka, akasema, "Daktari, hata uso sijanawa." "Mimi ni muuguzi, mzee," sista akajibu huku akiandika. Baadaye alinieleza kuwa swali hilo hupima jinsi nikotini ilivyomshika mtu. Anayevuta kabla ya nusu saa kupita tangu aamke amefungwa kwa kamba nene.

Kazi ya muuguzi hapa ina hatua tano: kuuliza, kushauri, kupima kama mgonjwa yuko tayari, kumsaidia, na kupanga kuonana tena. Babu aliposema yu tayari, walichagua siku. Aliambiwa aondoe kiberiti na kibakuli cha majivu chumbani. Hamu ikija, asibishane nayo. Aicheleweshe dakika tano, apumue kwa nguvu, anywe maji, ashike kazi. Hamu, sista alisema, ni kama wimbi la ziwa. Hupanda, kisha hushuka lenyewe. Nami, kwa kuwa nasoma shule ya kutwa na kurudi nyumbani kila jioni, nikapewa kazi ya kutia alama kwenye kalenda.

Siku ya 19 kulikuwa na matanga kwa jirani, na huko babu akavuta. Nyumbani maneno yakawa mengi. Shangazi akasema ati mzee ameshindwa. Babu aliona haya, akakataa kwenda kliniki, hata dawa za kifua akataka kuziacha. Hapo ndipo nilipoogopa, maana sigara haikuwa tena jambo la sigara. Lilikuwa jambo la uhai wake. Siku yake ya kliniki ilipopita bila yeye kuonekana, sista alipiga simu. Nilimsikia akisema, "Mzee, kujikwaa si kuanguka. Njoo hivyo hivyo, tuanze tena siku ya kwanza." Babu akaenda. Leo amemaliza dawa za kifua kikuu, na kalenda yake imepita mwezi wa saba.

Hata hivyo, wauguzi wana vikwazo vingi. Foleni ni ndefu na wao ni wachache. Wengine hawakufundishwa namna ya kumshauri mvutaji. Kuna chingamu na plasta za nikotini zinazopunguza hamu, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Katika kliniki ya babu hazikuwapo, na kwenye duka la dawa bei yake haikushikika. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na kifungu cha 14 kinataka watu wasaidiwe kuacha. Kumwachia muuguzi kazi hiyo bila mafunzo wala dawa ni kumtuma mtu shambani bila jembe. Mashamba yenyewe yameanza kubadilika; kufikia mwaka 2023 baadhi ya wakulima wa Migori walikuwa wameacha tumbaku wakapanda maharagwe yenye madini ya chuma.

Na sisi wanafunzi je? Sheria ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18, tena inakataza kuuza moja moja. Lakini nani kati yetu hajaona kibandani sigara ikiuzwa moja, pamoja na peremende? Wenzetu huanza na hiyo moja, wakidhani wataacha wakipenda.

Kwa hivyo natoa rai. Tarehe 31 Mei, Siku ya Kutovuta Tumbaku Duniani, chama chetu kimwalike muuguzi azungumze nasi kwa Kiswahili. Aliye na mzazi au ndugu anayevuta, asimcheke wala kumkaripia. Amwelekeze kliniki, au apige simu ya bure 1192 ya NACADA. Na nyinyi mnaotaka kuwa wauguzi, msikubali mtu awaambie kuwa ni kazi ya kubeba sindano tu. Shime wenzangu! Mvutaji hahitaji hakimu, anahitaji mwenzi wa safari.